Kioo Kimeganda, Aliyekufa Nani?

Leo tunaongelea kompyuta iliyoganda, hasa ile inayoendeshwa na Linux. Nimeichagua Linux kwa sababu naiona ikiingia majumbani kimyakimya. Tangu Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, kuna mashine nzima kabisa ambazo hazina pa kwenda, kwa kuwa Windows 11 inadai vipuri ambavyo hazinavyo. Fundi mwerevu huitia Linux ya Ubuntu au Mint mashine ya namna hiyo, ikaendelea kula chumvi. Tatizo ni kwamba fundi akishaondoka, mwenye mashine anabaki na mfumo ambao hata jirani wa kumuuliza hana. Siku ikiganda anafanya kile alichozoea miaka yote: anabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia mpaka taa zote zizime.

Kitufe hicho ndicho ugomvi wangu wa leo.

Chukua hali hii. Unaandika kumbukumbu za kikao cha kikoba, kivinjari kina vichupo kibao, na muziki unapiga taratibu. Mara kishale hakisogei. Unatikisa kipanya, wapi! Unabonyeza herufi, hazitoki. Saa ya pembeni ya kioo inasema saa nne na dakika kumi, na ukienda kunywa maji ukarudi bado inasema saa nne na dakika kumi. Sasa tega sikio: wimbo unaendelea, tena haukwami hata kidogo.

Anayeusoma wimbo huo kutoka kwenye diski ni nani? Anayeupeleka kwenye spika ni nani? Maiti haiimbi, msikilizaji. Ulicho nacho hapo ni daladala ambayo konda wake amezimia mlangoni: abiria hawajibiwi, chenji haitoki, kituo hakitajwi, ila dereva yuko kwenye usukani na gari linakwenda. Dereva ni kile mafundi wanachokiita kiini, yaani Linux yenyewe, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Konda ni programu inayochora madirisha, menyu na saa kwenye kioo. Kwa Linux hawa ni watu wawili tofauti, na mmoja anaweza kuondolewa na kurudishwa bila mwenzake kusimama.

Mpangilio huu una historia. Mwaka 1984, katika chuo cha MIT huko Marekani, ndani ya mradi ulioitwa Athena, Bob Scheifler na wenzake walianza kutengeneza mfumo wa madirisha walioupa jina la herufi moja tu, X. Walitaka programu iendeshwe kwenye kompyuta moja na dirisha lake lionekane kwenye kompyuta nyingine. Ili hilo liwezekane, kazi ya kuchora kioo ilibidi itengwe iwe programu inayojitegemea. Toleo la 11 lilitoka mwaka 1987, na uzao wake ungali unafanya kazi kwenye kompyuta za Linux hadi leo. Mrithi wake ni Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008.

Tofauti kati ya X na Wayland inamhusu sana mtu aliyegandiwa na kioo, kwa hiyo nivumilie kidogo. Kwenye X, mchoraji wa kioo ni programu moja, na msimamizi wa eneokazi, yule anayeonesha menyu na saa, ni programu nyingine. Msimamizi akianguka, mchoraji anabaki na madirisha yako yote. Ndiyo maana watumiaji wa eneokazi la GNOME kwenye X wana ujanja wao wa zamani: kama kibodi bado inasikika, unabonyeza Alt na F2, unaandika herufi r peke yake, unabonyeza Enter, msimamizi anazaliwa upya, na barua yako haijapoteza hata nukta. GNOME ikiwa kwenye Wayland, kazi hizo mbili zimeunganishwa ndani ya programu moja. Ujanja wa herufi r haupo tena, na msimamizi akifa kwenye GNOME anakufa na madirisha yote.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi. GNOME inaruhusu viongezo vilivyoandikwa na watu wa nje viendeshwe ndani ya programu hiyohiyo ya msimamizi. Kiongezo cha kukuonesha hali ya hewa kikikwama, eneokazi zima linakwama nacho. Mimi naliona hili ni kosa la ubunifu, ingawa nakubali kwamba upande wa usalama Wayland imetuvusha mbali, maana kwenye X programu yoyote inaweza kusikiliza kila unachoandika kwenye programu nyingine. Jamaa wa KDE, wenye eneokazi la Plasma, angalau wamelifanyia kazi suala la kuanguka: kuanzia Plasma 6, iliyotoka Februari 2024, programu zilizojengwa kwa zana za Qt zinaweza kunusurika mchoraji anapokufa, zikaungana naye tena akishafufuka.

Haya, kioo kimeganda. Tunafanyaje?

Kwanza unakaa kimya kidogo na kuitazama mashine. Kama ina taa ya diski, itazame hiyo. Ikiwa inawaka mfululizo bila kupumzika, na kishale kinaruka hatua moja baada ya sekunde kadhaa, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni memori. Mpakato wa mtumba mara nyingi una gigabaiti 4, na kivinjari cha leo hakioni aibu kuzimaliza zote. Memori ikijaa, kiini huanza kuhamishia vitu kwenye diski, kwenye eneo liitwalo swapu. Sasa sikiliza hesabu hii. Kuchota kitu kwenye memori huchukua nanosekunde mia moja hivi. Kukichota kwenye diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kumi hivi. Hiyo ni tofauti ya mara laki moja. Kazi iliyokuwa inachukua kufumba na kufumbua inageuka kazi ya kwenda Kariakoo na kurudi.

Wapo wanaodhani ukiifuta swapu tatizo linaondoka. Haliondoki. Kiini kikikosa pa kuhamishia kinaanza kufukuza kutoka kwenye memori maandishi ya programu zenyewe, kwa hoja kwamba yapo kwenye diski na yanaweza kusomwa tena. Kinayafukuza, nukta hiyohiyo programu inayahitaji, kinayaita, kinafukuza mengine ili kuyapa nafasi. Fukuza, ita, fukuza, ita. Kiini kina mnyongaji wake wa dharura wa kuua programu inayokula kupita kiasi, lakini mnyongaji huyo haitwi mpaka kiini kiridhike kwamba hakuna kilichobaki cha kukamua. Kwa kompyuta isiyo na mtu mbele yake, hilo linaweza kuvumilika. Kwa mtu aliyekaa mbele ya kioo, mnyongaji anafika wakati wa mazishi.

Mwaka 2019 suala hili lilizua mjadala mkali miongoni mwa watengenezaji wa kiini, na baada ya hapo dawa zikaanza kuingia kwenye mifumo ya watu wa kawaida. Linux ya Fedora 32, ya mwaka 2020, iliwekewa programu iitwayo earlyoom, ambayo haingoji memori iishe kabisa ndipo iue. Ubuntu 22.04 ikaja na systemd-oomd yenye kazi inayofanana. Watu wakapiga kelele: mbona kivinjari changu kinauawa ghafla nikiwa katikati ya kazi? Malalamiko yao yalikuwa na msingi, kwa sababu mwanzoni mnyongaji huyo mpya alikuwa mwepesi mno wa kisu. Hata hivyo, mimi bado nasema bora kivinjari kife peke yake kuliko kuondoka na mashine nzima. Na ukiwa na gigabaiti 4 tu, weka zram: ni utaratibu wa kiini kubana vitu ndani ya memori yenyewe badala ya kuvipeleka diskini, na unaongeza uhai wa mashine ndogo kuliko watu wengi wanavyofikiri.

Kwa hiyo taa ya diski ikiwa inawaka mfululizo, mpe mnyongaji dakika chache. Kama hakuna kinachobadilika, tuendelee.

Kuna kipimo cha Caps Lock ambacho mafundi wanakipenda: bonyeza, uone kama taa yake inawaka na kuzima. Ikiitika, kiini kiko hai na kibodi inasikika. Wengi wanaongeza kwamba isipoitika basi kiini kimekufa, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Ukiwa kwenye eneokazi, taa hiyo inaendeshwa na mchoraji wa kioo. Mchoraji akikwama, taa haiwaki, hata kama kiini ni kizima kama jiwe. Kwa hiyo taa isipoitika, usimtangaze mtu kafariki. Lakini kama taa inapepesa yenyewe, inawaka na kuzima bila wewe kugusa kitu, hapo kiini chenyewe kimekata tamaa, na kitufe cha kuwashia ni halali yako.

Sasa chukua kalamu. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt na F3. Narudia: Ctrl, Alt, F3. Kwenye mipakato mingine utahitaji kushikilia na Fn. Ukibahatika, kioo chote kinageuka cheusi na maandishi meupe yanakuuliza jina. Usiogope weusi huo, uko kwenye kompyuta yako ileile, umeingilia mlango wa nyuma. Andika jina lako la kuingilia, kisha neno la siri. Neno la siri halitaonekana likiandikwa, hata nyota hazitatokea, wewe andika tu na ubonyeze Enter.

Umeingia. Andika top, t-o-p, Enter. Inatokea orodha ya programu zote zinazoendeshwa, inayojisasisha kila baada ya sekunde chache. Bonyeza Shift na M, orodha itajipanga kwa ulaji wa memori, mlafi akiwa juu. Kushoto kabisa kuna namba yake. Inakili, bonyeza q kutoka, kisha andika kill, nafasi, na namba hiyo. Amri hiyo humtumia mhusika ombi namba 15: funga vitu vyako uondoke. Programu yenye adabu huhifadhi kazi na kutoka. Ikikaidi, andika kill, nafasi, kistari na 9, nafasi, namba yake. Hilo si ombi tena. Kiini kinamng'oa bila kumpa nafasi ya kuhifadhi chochote, kwa hiyo usianze na 9 kwa sababu tu una hasira.

Na wapo wasiokufa hata kwa 9. Kwenye orodha ya top kuna safu yenye herufi S juu yake, inayoonesha hali ya kila programu. Ukiona mtu ana herufi D, huyo anangoja kifaa kimjibu, mara nyingi diski au flashi, na kiini hakitamgusa mpaka jibu lije. Ukishuhudia wenye D kadhaa wamejipanga, achana na kivinjari. Shaka yako ihamie kwenye diski, na kama hujanakili mafaili yako pengine, nakili leo kabla diski haijaamua yenyewe.

Ukishamwondoa mlafi, unarudi kwenye kioo chako kwa Ctrl, Alt na F2. Kwenye Ubuntu F1 huwa ni ukumbi wa kuingilia, na F2 ndiko madirisha yako yaliko. Mara nyingi utayakuta yote yanakungoja na saa imeanza kukimbizana na muda uliopotea. Yakiwa bado yameganda, rudi mlango wa nyuma uandike: sudo systemctl restart display-manager. Hapo unamfukuza konda na kumleta mwingine. Madirisha yote yatafungwa na kazi ambayo hukuihifadhi itapotea, siwezi kukuficha, lakini mfumo wenyewe haujaguswa na diski iko salama.

Je, kama Ctrl, Alt na F3 haziitiki? Hapa kuna siri ambayo haitajwi sana. Vitufe hivyo vitatu huwa haviendi moja kwa moja kwa kiini. Eneokazi likiwa limewaka, mchoraji wa kioo ndiye ameishika kibodi, na yeye ndiye anayepaswa kusikia Ctrl, Alt, F3 na kukubali kupisha. Mchoraji akikwama sawasawa, unabisha mlango ambao mwenye ufunguo kazimia ndani. Kiini kinaweza kuwa macho kabisa na kisipate habari.

Zimebaki njia mbili. Ya kwanza iko mfukoni mwako. Kama uliwahi kuweka openssh-server kwenye kompyuta, na simu yako ya Android ina programu ya Termux yenye ssh ndani yake, na vyote viwili viko kwenye Wi-Fi moja, unaweza kuingia ndani ya kompyuta iliyoganda kutoka kwenye simu na kufanya yote niliyoyataja: top, kill, na mengineyo. Sharti uwe umeiandaa kabla ya msiba, na uwe unaijua anwani ya kompyuta yako kwenye mtandao wa nyumbani. Ni kazi ya nusu saa siku ya Jumapili. Mimi naipenda njia hii kuliko zote kwa sababu inatoa jibu lisilo na ubishi: kompyuta ikijibu kwa simu, iko hai, mgonjwa ni kioo.

Njia ya pili ni kuzungumza na kiini kwa lugha ambayo mchoraji hawezi kuizuia. Tafuta kitufe cha kupigia picha ya kioo, kimeandikwa PrtSc, na kwenye kibodi nyingine kina maandishi madogo ya SysRq. Ukishikilia Alt na kitufe hicho, kisha ukabonyeza herufi, kiini kinaipokea herufi hiyo chenyewe. R inamnyang'anya mchoraji kibodi, na baada ya hapo Ctrl, Alt, F3 zinaweza kuanza kuitika. E inaziomba programu zote zifunge, I inaziua zilizokaidi, S inamwaga kwenye diski kila kilichokuwa kinangoja kuandikwa, U inafunga diski zisiandikwe tena, na B inawasha mashine upya. Sita kwa mpangilio: R, E, I, S, U, B, ukipumzika sekunde kadhaa kati ya herufi na herufi. Waingereza wana sentensi yao ya kuzikumbukia. Mimi nimejitungia ya kwangu: Radi! Epuka, Ingia Sasa Uvunguni, Baki. Ukipata nzuri kuliko hiyo, itumie.

Herufi ninayoithamini zaidi hapo ni S. Unapobonyeza hifadhi kwenye programu yako, maneno hayaruki papo hapo kwenda diskini. Kiini kinaweza kuyaweka kwenye memori kwa muda, kwa kawaida hadi sekunde thelathini hivi, ili kiandike mengi kwa mkupuo. Ukishikilia kitufe cha kuwashia katika muda huo, yanakwenda na maji. Mfumo wa mafaili wa ext4, unaotumiwa na Ubuntu, una daftari lake la kujirekebishia baada ya ajali, na watu wanalitegemea kupita kiasi. Daftari hilo linalinda mpangilio wa diski usivurugike. Halikuahidi kukurudishia aya ya mwisho ya barua yako.

Sasa ngoja nikwambie kinachochekesha. Ubuntu, kwa chaguo-msingi, imeruhusu S, U na B peke yake. R, E na I zimefungwa. Namba inayotawala hilo ni 176, imeandikwa kwenye faili linaloitwa 10-magic-sysrq.conf ndani ya folda ya sysctl.d, iliyo chini ya etc. Sababu yao ina mantiki: mtu akikuta kompyuta yako imefungwa kwa neno la siri, asiweze kuiua programu ya kufuli kwa kubonyeza vitufe viwili vitatu. Ukiwa na intaneti kafe au ofisi inayoingiwa na watu, iache 176 kama ilivyo. Kwa kompyuta ya chumbani kwako, ibadilishe namba hiyo iwe 244, uwashe kompyuta upya, na herufi zote sita zitakutii.

Kompyuta imerudi. Wengi wanashukuru Mungu na kuendelea na kazi, na wiki inayofuata wanaganda tena. Kumbe shahidi alikuwepo. Linux huandika karibu kila kinachotokea, na maandishi ya safari iliyopita hayafutwi unapowasha upya. Fungua teminali uandike journalctl, nafasi, kistari b, nafasi, kistari 1, nafasi, kistari e. Journalctl ni j-o-u-r-n-a-l, halafu c-t-l. Utapelekwa kwenye mistari ya mwisho kabla ya ajali. Huhitaji kuelewa yote. Ukiona maneno Out of memory, umeshampata mwizi, na jina la programu iliyouawa liko pembeni yake. Ukiona I/O error limejirudia, ni diski. Ukiona GPU HANG au ring gfx timeout, ni kadi ya michoro. Na kama maandishi yanakatika ghafla bila lawama kwa yeyote, maana yake hata kiini hakikupata nafasi ya kuandika. Hapo elekea kwenye vifaa: chomoa memori uisafishe na kuirudisha, uipime usiku kucha kwa programu ya Memtest86+, na fungua feni utoe vumbi.

Kadi za michoro zinastahili kipindi chao. Kadi za Nvidia zilikuwa kero ya miaka mingi, kwa sababu kampuni ilikuwa ikiificha draiva yake, na watu wa Linux wakalazimika kuandika ya kwao, Nouveau, kwa kubahatisha jinsi kadi inavyofanya kazi. Mwaka 2012, akiwa mbele ya hadhira katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Torvalds aliigeukia kamera na kuinyooshea Nvidia kidole ambacho sitakitaja hewani. Kampuni ilianza kufungua sehemu ya draiva yake mwezi Mei 2022. Kwa mwenye kadi hiyo, tukio la kawaida ni hili: umesasisha mfumo jioni, asubuhi mashine inaishia kwenye nembo. Kiini ni kipya, draiva ni ya zamani, hawapatani. Washa upya ukibonyeza Esc, au Shift kwenye mashine kongwe, mpaka ipatikane menyu ya GRUB, ile ya kuchagua kiini cha kuwashia. Ingia kwenye Advanced options, chagua kiini cha jana, na endelea na maisha mpaka draiva irekebishwe. Kama cha jana hakipo, bonyeza e, na mwishoni mwa mstari unaoanza na neno linux ongeza nomodeset. Kioo kitakuwa kizito na picha hazitapendeza, lakini utaingia.

Wenye mipakato midogo ya bei poa ya kati ya mwaka 2013 na 2015 nao wana yao. Prosesa za Intel za familia ya Bay Trail, zilizouzwa kwa majina ya Atom, Celeron na Pentium, zilikuwa na ugonjwa wa kulala usingizi mzito mno: mashine inatulia kidogo, prosesa inajipumzisha ili kuokoa betri, na haiamki tena. Kila kitu kinaganda, Caps Lock haiitiki, simu haijibiwi, maandishi ya journalctl yamekatika. Watu walilaumu Ubuntu, wakahamia Mint, wakahamia Fedora, na ugonjwa ukawafuata, kwa kuwa ulikuwa kwenye chuma. Dawa ilikuwa kuongeza maneno intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari uleule wa GRUB, yaani kuikataza prosesa kulala fofofo. Betri inaisha mapema kidogo, lakini mashine inafanya kazi. Ukikutana na mpakato wa umri huo sokoni na muuzaji anaapa ni mzima, uache uwake robo saa bila kuguswa kabla hujatoa pesa.

Diski kujaa nako huleta vituko. Unaandika neno la siri, kioo kinameta, kinakurudisha palepale pa kuingilia. Unajiona umesahau neno la siri, kumbe eneokazi limekosa hata nafasi ya kuandika kijifaili chake kidogo cha kuanzia. Mlango wa nyuma, amri df, kistari h. Ukiona asilimia 100, futa filamu mbili tatu. Na kama diski ina nafasi lakini eneokazi linaendelea kuganda, tengeneza mtumiaji mpya uingie kwa jina lake. Akifanya kazi bila shida, mfumo hauna kosa, kosa liko kwenye mipangilio yako, na vile viongezo nilivyovilalamikia mwanzoni ndivyo vya kuzima kwanza.

Kuna watakaosema haya yote ni ya fundi. Sawa, peleka kwa fundi. Ila usiende mikono mitupu. Kabla ya kutoka nyumbani andika journalctl, kistari b, kistari 1, kisha alama ya mshale wa kulia, kisha sababu.txt. Hilo ni faili, litie kwenye flashi uende nalo. Mwambie fundi saa ngapi iliganda, ulikuwa umefungua nini, muziki uliendelea au ulinyamaza, taa ya diski ilikuwaje. Akilifungua faili na kuanza kulisoma, kaa umngoje. Akikwambia bila hata kuliangalia kwamba dawa ni kufuta kila kitu na kupiga mfumo upya, mshukuru kwa upole, chukua kompyuta yako, na utafute mwingine.